Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Mafundi Seremala Kuhusu "Mla" Moja Iliyofutwa

TAREHE: Jumanne, tarehe 9
MAHALI: Karakanani, kando ya mashine ya randa (ilizimwa kwa heshima ya kikao)
WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (fundi makabati), Mama Msasa (mpiga msasa, shemeji yake Mwenyekiti), Fundi Vitanda, Katibu
ASIYEHUDHURIA: Fundi Milango, bila udhuru. Alionekana dirishani akila ndizi.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana, akiwa ameketi kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Alieleza kwamba ajenda ni moja: kumfukuza Mama Msasa kwa kuleta stoo wadudu wanaokula mbao.

KUMB. NA. 2/9: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu alisoma: "Mama Msasa ameleta kopo la mbawakawa, mgongo kama ubao wa drafti. Mdudu huyu ni mla mbao."

Mama Msasa alisimama. "Sikusema hivyo! Nilisema mla mla mbao. Anamla yule anayekula mbao!"

Katibu alikiri kwamba aliona "mla" mbili, akadhani moja imezidi, akaifuta. Katibu anasikitika. Anaomba pia ieleweke kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu angeifuta.

KUMB. NA. 3/9: YATOKANAYO
Mwenyekiti aliulizwa mbawakawa hao wako wapi. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba aliwapulizia dawa Jumamosi, wakaisha. Fundi Vitanda alitaka kujua mbona unga bado unamwagika kutoka kwenye mbao za stoo.

"Walio ndani ya mbao dawa haiwafikii," alisema Mama Msasa. "Shemeji, umeua walinzi, wezi umewaachia nyumba."

Mwenyekiti alikumbusha kwamba cheo kiheshimiwe.

KUMB. NA. 4/9: KURA
Mwenyekiti alishikilia kwamba lililoandikwa limeandikwa. Mama Msasa alisema miaka kumi na moja amesugua kila kabati lililompa Mwenyekiti sifa, na benchi lingine la kufanyia kazi hana. Katibu aliona aibu.

Waliotaka afukuzwe: Mwenyekiti peke yake, aliyenyoosha mkono huku akiegemea nyuma. Mguu wa kiti ulikatika. Ndani ulikuwa unga mtupu, na buu mmoja mnene asiye na haraka.

KUMB. NA. 5/9: MAAZIMIO
Mama Msasa abaki, na alete kopo jingine. Mwenyekiti aliunga mkono kutoka sakafuni, kisha akaomba habari za kiti zifutwe. Katibu alieleza kwamba kufuta ameshaacha.

Kikao kilifungwa saa 9:05.

Mwenyekiti: ................ (alitia sahihi akiwa amesimama)
Katibu: ................