Mkosi wa Kiti cha Kushoto

Nyamusi, wacha kila kitu usome hii. Nimetoka kwa Anti Kultum sasa hivi na bado nina hasira.

Unaikumbuka ile sports car kuukuu ya Anko Noor, ya viti viwili, kwa picha ya ukutani? Mwaka wa tisini na sita ilikuwa inazima ovyo barabarani. Mafundi wa Homa Bay wakaiendesha, wakasema haina shida.

Noor akagundua inazima Anti akiwa ndani tu. AKIWA NDANI TU. Basi akamwita mkosi, tena mbele ya watu! Siku moja akamshusha mjini Awendo kwenye mvua, gari ikawaka, akaenda zake. Alimwacha, Nyamusi! Na akaanza kusema atamrudisha kwao.

Omosa, fundi wa Oyugis, ndiye wa kwanza kumwambia, "Mama, hebu kaa tuone." Akakaa, ikazima. Omosa akainua kiti, akapata waya imechubuka. Kila Anti akikaa, springi zinaikandamiza.

"Hii ni ya nini?" Omosa akauliza.

Noor akanong'ona, "Ya katauti."

Swichi ya siri ya kuzima injini, kuzuia wezi! Aliifunga mwenyewe chini ya kiti cha mkewe, na hakumwambia!

Unadhani aliomba msamaha? Alisema tu, "Sasa umejua mahali iko. Usiambie mtu."

Anti alichukua kikapu, akaenda sokoni. Kufika jioni, hata wamama wanaouza samaki wa omena walijua swichi ya Noor iko wapi.