Kila Mtu na Ufunguo Wake

Kaloleni, Nairobi
9 Agosti 1997

Mpendwa mpwa wangu Opicho,

"Kanuni hizi za usalama zilitungwa na Wazungu waoga, na sasa zinatumiwa kumwonea Mwafrika." Hayo ni maneno yako. Umekosea mara mbili katika sentensi moja, na nitakuonyesha. Lakini mama yako Nasike angenilaumu nikianza ugomvi kabla ya salamu. Hujambo, mwanangu? Baridi ya huko Ulaya inakuacha ulale? Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua tangu mwezi uliopita.

Nyumba imekuwa kubwa, nawe unajua ni chumba kimoja. Tangu mke wangu Nekesa atutoke, napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Makau, niliyekuwa nikibishana naye kila Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa, amestaafu na kurudi Machakos. Waliobaki wananikubalia kila kitu. Sikujua mtu anaweza kukosa usingizi kwa kukosa wa kumpinga.

Sasa jambo lako. Umeniandikia kwamba kabla ya kushuka kwenye handaki la ile mashine ya kugonganishia chembe za atomu, kila mtu huchukua ufunguo wake ubaoni, na ufunguo mmoja ukikosekana mashine haiwaki. Siku ile uliona uvivu. Ukaingia nyuma ya mwenzako kwa ufunguo wake yeye. Akatoka, akaurudisha, nawe ungali ndani umeinamia nyaya zako. King'ora cha kuonya kwamba mashine inawashwa kikalia, ukakimbilia kitufe chekundu cha kuzuia kila kitu. Umeyaandika hayo kama kichekesho. Mimi nilikaa kitandani na barua yako mkononi mpaka chai ikapoa.

Mkuu wenu amekuzuia kuingia humo kwa miezi mitatu, nawe unataka nimshambulie gazetini kwa sababu kalamu yangu inajulikana.

Nimepigana na mabwana wa kila rangi, na ubaguzi nikiuona naujua. Huu sio. Nilienda maktaba nikasoma kanuni za kimataifa za kujikinga na miale ya hatari kama ya mashine yenu, zile zilizotolewa Vienna mwaka jana. Hazitaji rangi ya mtu. Anayefanya kazi penye miale alindwe, na yeye mwenyewe azifuate kanuni. Tena uliandika kwamba mwenzako naye amezuiwa miezi mitatu. Ni Mfaransa. Je, naye anaonewa kwa kuwa Mwafrika?

Na uoga? Nilimsomea barua yako jirani yetu Mwangangi. Unakumbuka kule kiwandani waliondoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka, na mwenzake akaiwasha bila kujua mkono wa Mwangangi umo ndani. Nilipomaliza kuisoma, Mwangangi alicheka.

"Mzee wa maneno, mwambie huyo msomi wako aje anisalimie. Nitampa vidole viwili, ndivyo nilivyobaki navyo."

Kisha akaniuliza, "Na hicho kitufe kingekuwa mbali, ungezika nini?"

Niliikunja barua yako nikarudi chumbani.

Nikuambie la kweli. Nilianza kuandika hayo makala uliyoyaomba, na yalikuwa makali. Nilijua yakichapishwa watakufukuza, utarudi, na jioni kutakuwa na mtu wa kunikatiza maneno hapa mezani. Nikayachana. Nataka sana urudi, Opicho, lakini urudi ukitembea.

Mama yako yuko Kimilili, anakusalimu sana. Sijamwambia neno. Kaluki, binti wa Mwangangi, amejifungua mvulana, naye anakusalimu. Mungu akutangulie unapoingia na akungoje unapotoka.

Sasa sikilizeni nyote wawili, wewe na huyo Mfaransa, mtafsirie. Hakuna anayekamatwa siku ya kwanza ya uvivu wake. Nendeni pamoja kwa mkuu wenu, mkamwambie mmeingia mara ngapi wawili kwa ufunguo mmoja. Mara zote, si hii tu mliyokamatwa. Akiongeza miezi, pokeeni. Halafu, Opicho, mwandikie mama yako kwa mkono wako mwenyewe umweleze ulichofanya, kabla sijapanda basi la Kimilili nikamweleza mimi.

Mjomba wako, anayekupenda hata akigomba,
Patrobas Wakoli