Diski Ulizosema Zinaingia

Lodwar, Jumanne

Kaka Lomuria,

Ejok, nakusalimu. Huku mvua imekataa na mbuzi wa Mama wamebaki wawili. Natumai duka lako hapo Kakuma linaendelea.

Ile seva ya ofisi imepona. Wiki tatu ilikuwa inakataa sasisho: inafika nusu, inakwama, inarudi ilikotoka. Nilibadilisha waya, nikalaumu umeme, hata nikamgombeza Ruqiyo ninayefanya kazi naye. Mwishowe nikasoma orodha ya diski zinazokubaliwa na watengenezaji wa seva. Diski ulizotuuzia hazimo. Nikazitoa, nikarudisha zile za zamani, na sasisho likapita kabla chai yangu haijapoa.

Nilikuuliza mara mbili kama zinakubalika. Ukajibu, "Dada, hizi zinaingia." Kweli ziliingia. Hata ufunguo wangu huingia kwenye kufuli ya jirani, lakini haufungui.

Mkubwa aliuliza nani alizichagua. Nikasema ni mimi, maana tumenyonya ziwa moja. Leo ni siku yangu ya mwisho hapa.

Diski zako nimempa dereva wa Kakuma. Usinitafutie kazi nyingine, Kaka. Utawaambia tu kwamba ninaingia.

Ni mimi dada yako,
Namuria