Hukumu Tatu za Daktari wa Misri

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo, kwenye kozi ya historia ya tiba, nimefundisha Galien, daktari wa Kigiriki wa kale. Auditoire, ukumbi wetu wa mihadhara, nusu tupu. Tangu Bukavu itekwe na kupata wenyewe wapya mwezi wa pili, wengine wamekimbilia Bujumbura, wengine hawana tena cha kulipia masomo. Waliobaki wanaandika. Huo ndio ugonjwa wetu — mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, mtihani unarudisha neno kwa neno, na tunaita hiyo chuo kikuu.

Nikaacha kusoma. Nikawaambia: Galien alipasua nyani na nguruwe, kisha akaandika juu ya binadamu. Akasema taya la chini la mtu lina mifupa miwili. Kwa zaidi ya miaka elfu moja madaktari walibeba mataya yao wenyewe usoni na hakuna aliyejigusa kwa makini. Kwa nini wajiguse? Galien alishaandika. Mpaka Vésale, mpasuaji wa karne ya kumi na sita, alipochukua mifupa ya mtu aliyenyongwa, akaitazama. Mfupa mmoja. Basi.

Nikapiga meza. Msimwamini Galien. Na mimi pia msiniamini.

Kisha msichana wa mbele akainua kidole: "CT, hiyo ya 'musiniamini', tuandike?"

CT ndiye mimi — chef de travaux, mhadhiri wa ngazi ya chini ya profesa, mpaka mvi zimenitoka, bila doctorat, kwa sababu sikukubali kumbebea profesa yeyote mkoba.

Nikapita mtaa wa Nyawera kumsimulia dada yangu Adélaïde. Mdogo wangu huyu ana duka la fotokopi, na ndiye anayechapa silabasi yangu, kitini cha kozi nzima, kila mwaka tangu nianze kufundisha. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaniita yaya, kaka mkubwa, kama siku zote. "Yaya, na bo wako na haki. Kama haiko mu silabasi, haitauliziwa."

Kisha alitaka kuchukua karatasi kwenye rafu ya juu. Mkono wa kushoto haukupanda. Akabadilisha mkono, haraka, kama mtu aliyeonekana.

"Nililala mubaya," akasema.

Binti yake Charlène alinisindikiza hadi barabarani. Akazungumza akiangalia pikipiki zikipita. "Tonton, maman anakudanganya. Iko na kitu ku titi. Kigumu. Tangu mbele ya Pasaka. Alinikataza kukuambia."

"Na hospitali?"

"Haendi. Anaenda tu kwa pasta Parfait, kule ku maombi."

Kwa pasta. Mwaka 2025. Dada yangu mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda Kadutu, kwenye chumba cha maombi cha huyo Parfait. Mbao, mabati, ngoma moja, wanawake wengi wakiwa kwenye mfungo. Sikungoja wamalize wimbo.

Nilisema yote. Nilisema kwamba miaka elfu moja iliyopita Zahrawi wa Kordoba alichora vyombo vyake vya upasuaji kimoja kimoja, ili mwingine aweze kuvitengeneza na kuvijaribu — na wewe, pasta, chora basi chombo chako tukione. Kuna waliocheka. Nikapata moto. Nikasema kwamba daktari wa Misri ya kale, kabla ya Wagiriki kuvaa viatu, alikuwa na hukumu tatu tu mbele ya mgonjwa. Ya kwanza: ugonjwa huu nitautibu. Ya pili: ugonjwa huu nitapambana nao. Ya tatu: ugonjwa huu hautibiki. Akiona hautibiki, anasema hautibiki. Hachukui sadaka, hauzi mafuta. Hata hukumu yake ya tatu, nikasema, ina heshima kuliko miujiza yako yote.

Parfait ni kijana kuliko nilivyofikiri. Alifuta jasho, akajibu taratibu: "Papa Apollinaire, mi sikumukataza hospitali. Mara mbili nilimuambia aende. Muulize ye mwenyewe."

Nikageuka. Adélaïde alikuwa benchi la nyuma, kitenge kimefunika kichwa. Alikuwa amesikia yote. Akainuka, akapita mlango wa pembeni bila kunitazama.

Nimeshinda mjadala. Wanawake wawili walinifuata nje kuniambia nimesema kweli.

Alhamisi, 9 Oktoba

Duka limefungwa. Simu haipokelewi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bado. Nimeandika kurasa nne dhidi ya makanisa ya mabati. Nzuri sana. Sijui nizipeleke wapi, redio imeniambia siku hizi wanapiga muziki tu. Nimezichana.

Jumapili, 12 Oktoba

Charlène amekuja baada ya misa. "Maman anasema ukuje. Lakini ukuje bila kelele."

Nilimkuta Adélaïde amekaa uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Mvua ilikuwa imekwisha, matope mpaka mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa Parfait, kwa shetani, kwa mchawi wa ukweni. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu.

Nikauliza kwa nini hakwenda hospitali.

"Ju weye njo uliandika."

Mimi ndiye niliyeandika? Sikuelewa. Akaendelea kuchambua.

"Ile ukurasa ya Misri, yaya. Daktari akigusa titi, akute uvimbe ni mugumu, ni wa baridi, hauko na joto, hauko na maji — aseme hakuna dawa. Nilichapa ile ukurasa miaka yote. Mbele ya Pasaka nilijigusa mu bafu. Mugumu. Baridi. Nikasema, kumbe ni ile ya tatu."

Nikamwambia hayo ni maneno ya karibu miaka elfu nne. Nikamwambia tangu hapo dunia imepasua, imeunguza, imetengeneza dawa. Nilikuwa napaza sauti, Charlène akatoka jikoni.

"Ile yote haukuandika," Adélaïde akasema. "Uliandika ule daktari ni mukweli kuliko wote. Na kozi inaishiaka kwa Vésale. Kisha Vésale hakuna kitu. Mi nijue wapi?"

Kweli. Kozi inaishia hapo. Programu inasema: tangu mwanzo hadi Renaissance, zama za Vésale. Miaka yote nimewapeleka watu mpaka mlangoni mwa hospitali, nikafunga silabasi.

"Na kwa Parfait unafuata nini?"

"Kuimba. Kule hawaniulize kitu." Kisha: "Na juzi ukakuja kunisomea tena hukumu mbele ya batu."

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimesoma ukurasa ule. Ni mzuri. Nakumbuka nilivyofurahi kuuandika — kila sentensi ni kofi kwa manabii wa Bukavu. Sikumwona mgonjwa hata mmoja ndani yake. Nilimwona adui.

Galien angalau alipasua nyani.

Adélaïde amekubali kwenda hospitali. Si kwa sababu nimemshinda. Charlène alilia tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Daktari Bisimwa. Mtu mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Amegusa, amepima kwapani, amechukua kipande kwa sindano. Kitavuka mto Ruzizi, nje ya nchi, kwenda kusomwa, kwa sababu hapa aliyekuwa akivisoma ameondoka na familia yake. Ameagiza picha za mifupa na ini pia.

Akamuuliza Adélaïde kwa nini amechelewa.

"Nilikuwa na kazi mingi, docteur," akasema. Hakuniangalia. Afadhali angeniangalia.

Jumanne, 21 Oktoba

Kozi. Nimewaambia wafute ukurasa wa Misri. Wakachukua rula, wakakata mstari kwa mstari, kwa utii uleule waliouandikia. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nikatoka kabla ya saa. Nikasimama kwenye korido nimeshika taya langu kwa mkono, kama mpumbavu, nikitafuta kiungo cha Galien.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tunangoja. Adélaïde amefungua duka. Anachapa kwa mkono mmoja. Anasema nimpe sehemu mpya ya kozi, ile inayokuja baada ya Vésale, aichape. Sina. Sijawahi kuiandika. Nimeanza jana: darubini, damu inavyozunguka, usingizi wa dawa kabla ya kisu, miale. Ninaandika kama mtu anayejenga daraja huku mgonjwa yuko ng'ambo.

"Fupisha," akaniambia leo. "Weye unapendaka kugombana hata na bafu." Akimaanisha wafu. Alikuwa na maumivu mgongoni, hakutaka nione.

Jumatano, 5 Novemba

Naandika hapa hospitalini, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Wamemlaza tangu juzi. Mgongo.

Asubuhi Bisimwa alinigusa bega, akaniita koridoni. Mimi, si yeye. Ndiyo desturi yetu: mwanamume wa familia anaambiwa, mwenye mwili anabaki ndani akiangalia mlango. Nimeishambulia desturi hii kwa maandishi, redioni, hata kwenye matanga. Leo nilitoka nyuma ya daktari bila neno.

Majibu yamerudi: ni saratani, na iko kwenye mifupa. Iko kwenye ini. Kupasua hakuna maana tena. Ile mashine ya kuunguza uvimbe kwa miale haiko hapa, na hata ingekuwepo, safari ya kuifikia ingemmaliza. Kuna vidonge vya maumivu. "Kama angekuja Pasaka," akasema, bila kumalizia, kwa sababu ni mtu mpole. Akaniachia mimi nichague nitamwambiaje dada yangu.

Nikarudi. Charlène alikuwa ameshuka kutafuta maji ya moto. Adélaïde alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, amejifunga kitenge vizuri kama anayesubiri wageni.

"Basi, yaya. Ni ya ngapi?"

Nilijifanya sijasikia. Nikavuta kiti.

"Ya kwanza, ya pili, ao ya tatu? Sema tu. Weye haudanganyaka."

Maisha yangu yote nimesema kweli kwa watu nisiowapenda. Ni rahisi. Inafanana na kurusha jiwe.

"Ya pili," nikasema. "Tutapambana nao."

Sauti ilitoka imara. Ile ya auditoire.

Akaniangalia. Muda mrefu, jinsi anavyoangalia karatasi yangu kabla ya kuichapa, akitafuta neno nililoruka. Kisha akatabasamu upande mmoja.

"CT," akasema, "hiyo tuandike?"

Nimetoa daftari hili ili mikono ipate kazi. Amefumba macho lakini halali, kidole chake kinagonga shuka taratibu, kama anachapa. Nasikia viatu vya Charlène koridoni, anakuja na thermos, na yeye ataniuliza daktari amesema nini.