Nilijiandika Mgeni Nipate Kazi, Sasa Naogopa Lori

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, na kama barua za wengine zimetangulia naomba unipitishe mbele yao, maana Jumatatu ya tarehe 15 Desemba natakiwa nifike Kabanga mpakani na karatasi zangu zote na mzigo usiozidi ninaoweza kubeba mwenyewe, na ninavyojua mimi, mtu anayeambiwa aje na mzigo hakuitwa kuulizwa habari za nyumbani.

Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, nimezaliwa Kirushya hapa wilayani Ngara, mama yangu Speciosa ni Mhangaza wa hapo hapo, marehemu baba naye alizaliwa Kirushya ingawa babu alivuka kutoka Burundi enzi za Mwingereza, na jina letu ni Ndizeye, na akina Ndizeye wapo pande zote mbili za mpaka kama ilivyo migomba. Nilimaliza shule ya msingi hapa, baadaye nikaenda Bujumbura kwa baba mdogo aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio, nikakaa miaka mitano, nikajua redio na mwishoni nikajua na kompyuta, na Oktoba ya 1993 kulipochafuka nikarudi nyumbani katikati ya umati wa watu wanaokimbia, wao wakaelekea kambini, mimi nikaelekea kwa mama.

Mwaka 1995 nikasikia shirika moja la kigeni lililokuwa likihudumia wakimbizi linatafuta fundi wa kompyuta na redio za mawasiliano. Nikaenda. Msimamizi wa ajira, Bwana Juvenali, Mtanzania kama mimi, akanipa mashine mbovu, nikaifungua, ikawaka kabla chai yake haijapoa. Akafurahi, kisha akashika kichwa.

"Kijana, umeniweka pabaya," akasema. "Kwa mwenyeji nina nafasi ya ulinzi, udereva na jikoni. Hii ya kompyuta imeandikwa mtaalamu kutoka nje."

Nikamwambia, "Lakini kaka, mimi niko hapa ndani."

"Ndiyo shida yenyewe! Nikitaka kumweka Mtanzania hapa lazima nirudi kwa wafadhili, nitangaze, nisubiri majibu ya Dar es Salaam, miezi minne hiyo. Mtaalamu wa kigeni ana utaratibu wa haraka kwa sababu ya dharura. Leo Jumatatu. Ukiwa Mrundi, Jumamosi una kibali mkononi." Akacheka. "Na Urundi umebakiza nini? Jina unalo, Kirundi unacho, hata Kifaransa cha kuombea maji unacho. Kwenye pasipoti tutaandika 'itafuata'."

Mshauri, nilikuwa nimekaa miaka miwili nikitengeneza tochi za watu, nikakubali. Penye uraia nikaandika Mrundi, penye mahali pa kuzaliwa akaniambia andika Muyinga, kule Burundi, nikaandika. Tulipofika kwenye tarehe na mahali pa kuingia nchini yeye akaitwa chumba cha redio, nikabaki peke yangu na ile fomu, nikakosa uongo wa kuandika, mkono ukaandika tarehe niliyozaliwa, 9 Mei 1968, Kirushya, kisha nikaona aibu kwa ujinga huo nikataka kufuta, lakini alirudi mbio akaikunja bila kuisoma akaitia kwenye bahasha. Siku ya sita kibali kikaja na mhuri wake. Hakuna aliyeniuliza neno.

Ikabidi sasa niuishi ugeni wenyewe. Mbele ya wakubwa Kiswahili nilikivunja makusudi, nikisema "kitu yangu" na "mtu zote", mimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa insha. Jikoni alikuwapo mpishi mmoja, Esperansia, tulikaa naye dawati moja darasa la pili, na siku yangu ya kwanza aliponiona alishusha upawa akapiga kelele, "Ndizeye wee! Mama Speciosa hajambo?" Mkuu wa shirika alikuwa amesimama hapo hapo na sahani yake. Nikamtazama Esperansia kama simjui nikasema, "Pardon, madame?" Akauinua upawa wake akaendelea kupakua. Ila kuanzia siku ile, kila mchana kwa miaka miwili, alinipakulia ugali na maharage akisema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, "Karibu Tanzania, Bwana Mtaalamu."

Septemba mwaka huu shirika likafunga shughuli na likakabidhi serikalini orodha ya wafanyakazi wake wa kigeni, na sasa kwa kuwa askari wanawatoa kwa malori Warundi wote wanaoishi vijijini, orodha imebandikwa kwenye ofisi ya kata. Niliitambua kabla sijaisoma, maana ina mstari mweupe katikati ya kila ukurasa, na ile printa nilikuwa nikiisafisha mimi. Jina langu ni la kumi na saba. Kibali kimekwisha, uraia Mrundi.

Tangu hapo silali na mchana sikai. Wiki iliyopita kijiji cha jirani walichukua watu na chungu kikabaki kinachemka jikoni. Gari likibadili gia kwenye kilima nasimama, na mke wangu Ernesta, wa Murukulazo, mwenye mimba ya miezi saba, ananiambia, "Hilo lori la ndizi, baba, kaa ule," lakini mimi nabaki mlangoni mpaka mlio upotee. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Tomasi, aliyenijua nikichunga mbuzi, akaitikia shikamoo yangu kisha akasema, "Mwanangu, mimi nakujua kwa macho, wao wanakujua kwa mhuri." Mama nilimficha mpaka juzi. Nilipomweleza aliniuliza swali moja tu: "Nilikuzaa, au nilikupokea mpakani?" Na tangu siku hiyo nikimpa shikamoo hajibu.

Wengine wananiambia nichome kibali nikane kila kitu. Kuna mtu pale Kabanga, kwenye wabadilisha fedha, anasema atanipatia cheti cha kuzaliwa kwa siku mbili. Mwingine ananishauri nivuke Muyinga miezi michache mpaka mambo yapoe, Muyinga ambako sijawahi kulala hata usiku mmoja, na Ernesta amesema nikikimbia hanifuati, hatazaa mtoto barabarani. Nifanye lipi?

Mgeni wa Kwetu, Ngara


MSHAURI ANAJIBU

Mgeni wa Kwetu,

Nimekupitisha mbele. Wenye waume wasiorudi na wenye mawifi wasiosemeka wanisamehe wiki hii. Wao hawana lori linalowasubiri. Majina yote nimeyabadili na tarehe ya kuzaliwa nimeisogeza, kwa hiyo jirani anayekisia na aendelee kukisia.

Sitakuambia usiogope. Ogopa. Mtu mwenye bunduki na orodha hana muda wa kusikiliza nasaba ya babu yako, na mhuri ukishakosea hauna mdomo wa kuomba radhi. Lakini hofu yako umeielekeza kwenye vitu visivyo. Unaogopa kibali, unakimbilia mwuza vyeti. Kaa chini, mle ugali na mkeo, kisha usome.

Nianze na Juvenali, maana namjua, yuko katika kila ofisi ya nchi hii. Huyu ni Mtanzania anayelipwa kuwatafuta Watanzania, akampata mmoja anayewasha mashine kabla chai haijapoa, na wazo lililomjia kichwani ni kumgeuza Mrundi! Ndipo tulipofika: mwenyeji anasubiri miezi minne aaminiwe kwamba anajua kitu, mgeni anaaminiwa kwa siku sita. Na asije mtu akaniandikia kwamba nachukia wageni. Jino langu lililonitesa mwaka mzima lilitolewa na daktari aliyetoka ng'ambo, nami nikambariki. Mtaalamu aje, na kibali chake kitoke upesi. Upesi si dhambi. Ninachokilaani ni upesi wa kugonga mhuri juu ya karatasi ambayo hakuna aliyeisoma. Laiti mtu mmoja tu angeisoma ile fomu yako, leo usingekuwa unasikiliza gia za malori.

Wala mkimbizi sina neno naye. Na hapa ndipo ninapokugeukia wewe. Wale uliovuka nao Oktoba ile waliandikwa wageni kwa sababu nyuma yao kulikuwa na panga. Wewe nyuma yako kulikuwa na tochi mbovu. Ulichukua jina la msiba wao ukalivaa kama koti la kazini, ukalivua jioni ukirudi kwa mama, na sasa koti limegoma kutoka mabegani unalia. Ulikuwa na njaa ya kazi, nakuelewa, nami nimewahi kuwa kijana mwenye vyeti na mifuko mitupu. Lakini ungeweza kumwambia Juvenali, "Andika barua hiyo kwa wafadhili, nitasubiri." Hukumwambia hata mara moja. Mama yako hajibu shikamoo yako kwa haki kabisa, maana ulimkana kwa maandishi.

Sasa la kufanya.

Kibali usikichome! Ni shahidi wako, na fomu iliyokizaa iko kwenye jalada mahali fulani. Umeniandikia jambo moja katikati ya barua, kwa haraka, kama mtu anayefunika kiraka cha suruali, na ndilo jambo la maana kuliko yote. Kwa mujibu wa fomu yako umezaliwa Muyinga tarehe 9 Mei 1968, na umeingia nchini tarehe 9 Mei 1968. Siku hiyo hiyo! Mama yako alijifungua Burundi asubuhi akavuka milima jioni, na kichanga chake mgongoni tayari ni mtaalamu wa kompyuta? Na umeingilia Kirushya. Kirushya, bwana! Kuna kituo gani cha mpaka Kirushya? Kuna kizuizi? Kuna afisa wa kukagua begi? Kuna migomba na maharage. Mtu huingia Tanzania kupitia Kirushya kwa njia moja tu, na wewe uliipita ukilia.

Karatasi hiyo peke yake haikuokoi, usijidanganye. Inaonyesha tu kwamba haikusomwa na kwamba ina uongo ndani. Ukweli wenyewe lazima uende nao mkononi. Usisubiri Jumatatu uitwe ukiwa na mzigo kichwani, tangulia bila mzigo. Nenda parokiani, omba nakala ya ubatizo wako na wa baba yako, hasa wa baba yako, kwa kuwa swali litakuwa juu yake. Nenda shuleni kwako, mwalimu mkuu akunakilie daftari la wanafunzi la mwaka ulioanza darasa la kwanza, aweke sahihi. Mzee Tomasi akujue kwa macho na kwa kalamu pia, aandike. Kisha uende ofisi ya uhamiaji wilayani, mjini Ngara, pamoja na mama yako, uombe kuonana na mkubwa wa ofisi na si kijana wa mlangoni, na neno lako la kwanza liwe, "Nilidanganya." Kama padri atakubali kukusindikiza, bora zaidi.

Kudanganya kwenye fomu ni kosa, na sitakuficha, wanaweza kukushtaki. Kubali. Mwenye kosa hushtakiwa kwao, akitumikia adhabu hurudi nyumbani. Aliyepakiwa lori anarudi wapi?

Yule wa Kabanga mpite mbali. Mtu aliyezaliwa kweli hana haja ya kuzaliwa upya kwenye meza ya wabadilisha fedha, na siku cheti hicho kikigundulika hata ubatizo wako wa kweli utaonekana wa kughushi. Na Muyinga usiwaze. Kule wanauana, na ukivuka kwa miguu yako mwenyewe utakuwa umemkamilishia Juvenali uongo wake. Ernesta amekuambia kweli, msikilize.

Nimeliacha gumu mpaka mwisho kwa kuwa utataka kuliruka.

Daftari la shule litasema palikuwa na mtoto aitwaye Ndizeye. Afisa atakuuliza, nani asemaye Ndizeye huyo ndiye wewe, na si Mrundi aliyeazima jina lake? Mama yako atasema, naye atajibiwa kwamba mama yeyote angesema hivyo. Mzee Tomasi hakuwahi kukuona ndani ya uzio wa shirika. Kuna mtu mmoja tu katika wilaya nzima aliyekaa na mtoto yule dawati moja, na aliyempakulia mtaalamu yule ugali kwa miaka miwili, anayeweza kusimama mbele ya meza ya afisa na kusema, hawa wawili ni mtu mmoja, na alikuwa mwongo tangu siku ya kwanza. Ulimwambia "Pardon, madame."

Gazeti hili linafika Ngara Alhamisi. Ijumaa asubuhi uwe mlangoni kwa Esperansia. Usimpelekee kilo ya sukari, atakurushia. Usimtume Ernesta na tumbo lake akuombee huruma. Nenda mwenyewe, msalimie Kihangaza, mwite kwa jina, umwombe radhi kabla hujamwomba ushahidi, kwa sababu hayo ni maombi mawili na la kwanza huna budi kulifanya hata akikunyima la pili. Atakutukana. Ana miaka miwili ya matusi aliyoyalimbikiza, mwache ayamalize yote.

Na akisimama mlangoni akakupima kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Karibu Tanzania, Bwana Mtaalamu," usiinamishe uso. Mjibu: "Nimeshaingia, dada. Tangu tarehe tisa Mei, mwaka wa sitini na nane."