Gongo la Kampala kwenye Kinu cha Mama

Mpendwa Dada Espérance, naomba unisaidie, na ukitaka kucheka cheka kwanza umalize, maana hata mimi najicheka. Nilisoma chuo Kampala na huko nilikuwa mtu, nilicheza besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, na hakuna mwanafunzi aliyeupeleka mpira mbali kama mimi, hata wapinzani walirudi nyuma wakiniona nashika gongo, basi nilipomaliza nikarudi kwetu Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, bila kazi wala zawadi, mkononi gongo tu nimelifunga kwa kitenge, mama akalipokea, akalifungua, akalipima uzito, akasema, "Mutoto wangu, umeniletea mutwangio," nami bingwa wa chuo kizima nikajibu, "Ndiyo, mama." Tangu hapo linatwanga sombe, majani ya muhogo. Limekuwa kijani, linanuka vitunguu, na kila Jumapili bamama wa kanisani wanaambiwa, "Wangu alinibebea mutwangio toka Kampala, we wako alikuletea nini?" na Mama Placide jirani yetu huja kuliazima. Sasa timu moja ya Kampala inaniita nikacheze kwa mshahara, niwe nimefika kabla mwezi haujaisha, na bila gongo lile najiona si kitu, lakini nikilichukua nitamwambia mama nini, kwamba miaka yote ile aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, ili mimi nikapige mpira kwa fimbo?

Isidore, Baraka

Ndugu yangu Isidore, nimecheka, uliniruhusu. Sasa acha kusingizia gongo. Aliyepiga mipira ile ni wewe, na Kampala magongo yapo. Unachoogopa ni kumwambia mama yako kweli, ukaona afadhali ajisifu kwa uongo mbele ya kanisa zima. Siku ikijulikana, aibu itamwangukia yeye, wewe umeshapanda gari la Uvira, uko njiani Kampala. Kurudi nyumbani mikono mitupu kunauma, nakuelewa. Lakini aliyeuza ndagala kukusomesha ana haki ya kuona alilipia nini.

Nenda kwa mafundi wa Lubondja ukachongeshe mtwangio wa mti mgumu. Mpe mama kwanza, ndipo umweleze. Akikasirika, nyamaza. Kisha mwombe akuazime gongo, kama Mama Placide anavyoomba, mwende ufukweni na ndimu chache, akurushie, upige. Akishaona ndimu zinapotelea ziwani, mwulize kama uende. Ukimaliza, mrudishie gongo mkononi. Akitaka uende nalo Kampala, atalitia mwenyewe kwenye mfuko wako.