Nauli ya Nusu

Apio mjukuu wangu, salamu nyingi kutoka Iyolwa. Mihogo imekauka, mbuzi amekula kitambaa cha kanisa, na binamu yako Owere ndiye anaandika haya ninayosema.

Unauliza kama uchukue nauli ya nusu ya walemavu kwenye treni huko Nairobi, unaogopa watu wataangalia mguu wako. Mimi nikiwa msichana nilificha huu wangu mbovu ndani ya gauni refu la gomesi, nikalipa nauli nzima. Kufika Tororo, treni ikapita jukwaa, chini kukawa mbali. Kipofu mmoja aliyelipa nauli ya nusu akashushwa na watu wa stesheni. Mimi nikabaki mlangoni nalia. Akasikia.

"Dada, unalia nini na hujaomba?"

Akawaita warudi. Wakauangalia mguu, ndiyo. Wakanishusha, wakaenda zao kunywa chai.

Chukua hiyo nusu, mama.

Bibi yako